Acheni Kugonga Visu Mezani

Ukitaka kujua kisu cha kukunja ni kizuri au kibovu, wajuzi wa mtaani wana jibu moja. Kifungue kwa nguvu mpaka kilie "ta!", shika mpini, halafu gonga mgongo wake kwenye ukingo wa meza. Kisipojikunja, toa hela. Kikijikunja, mrudishie mwenyewe. Wauza visu wameshaizoea ibada hiyo, na wengine hukugongea wao kabla hujauliza bei, wakitabasamu kama watu wanaojua kwamba biashara imeshaisha. Hata wale wanaosoma habari za visu, wanaojua majina ya vyuma na namba zake, mwisho wa maneno yao yote hurudi palepale: kisu bora ni kile chenye loki ngumu.

Nasema imani hiyo ni potofu. Inapima jambo ambalo kisu hakifanyi kikiwa kazini, inafumbia macho jambo linalowakata watu vidole, na inampa muuzaji mwanya wa kukuuzia chuma butu kilichofungwa kwenye loki nzito. Wazee waliposema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, hawakuuliza kisu chenyewe kinalokiwa namna gani.

Tuanze na kazi. Chukua kisu cha kukunja, kifungue, ukate kamba ya katani. Kamba inayasukuma makali kuelekea mgongo, kwa hiyo ubapa unasukumwa uzidi kufunguka, wala hausukumwi ujifunge. Katika visu vingi, kinachobeba mzigo hapo ni kizuizi, yaani pale ndani ya mpini kitako cha ubapa kinapofika na kugota, pamoja na msumari wa bawaba unaoshika ubapa na mpini. Loki imekaa tu. Utamenya viazi, utachonga penseli, utafungua maboksi, utakata mikanda ya marobota kutwa nzima, na loki haitaguswa na nguvu yoyote ya maana. Sasa niambieni, imekuwaje sehemu ambayo haifanyi lolote katika kukata ndiyo iwe kipimo cha kwanza cha chombo cha kukatia? Loki ni kama mkanda wa garini: lazima uwepo na ushike siku ukihitajika, ila hakuna anayechagua gari kwa unene wa mkanda.

Zipo nyakati ubapa husukumwa ujifunge, sikatai. Mtu anatoboa dumu la plastiki kwa ncha, mkono ukapinda. Mwingine ubapa umembania kwenye mti, anautikisa juu na chini ili uchomoke. Hapo ndipo loki inapoitwa kazini, na hesabu yake ni kali. Chukua ubapa wa sentimita 8. Mahali loki inaposhikana na kitako cha ubapa huwa ni milimita chache tu kutoka katikati ya bawaba, tuseme 6. Nguvu ya kilo 1 inayosukuma ncha itafika kwenye loki ikiwa imezidi kilo 13. Wapenzi wa loki ngumu wakisikia hivyo huchekelea: si unaona, lazima iwe na nguvu!

Wasichekelee mapema. Wenzo huohuo unaokuza nguvu unakuza pia kasoro. Loki ikiwa imekaa nje ya mahali pake kwa sehemu ya kumi ya milimita, ncha itacheza kwa zaidi ya milimita moja. Ndiyo maana loki inayomkata mtu kidole mara nyingi haikuvunjika. Iliteleza, au haikuwa imeshika tangu mwanzo. Kati ya kuvunjika na kuteleza kuna tofauti kubwa: la kwanza ni suala la unene na ugumu wa chuma, la pili ni suala la pembe, usafi na uchakavu. Kugonga mezani kunajaribu la kwanza huku kidole kikikatwa na la pili.

Niliwahi kushika kisu cha fundi umeme mmoja, cha aina ile yenye wenzo mgongoni mwa mpini, ambao ukiubonyeza ndipo ubapa hukubali kurudi. Kisu cha chuma kizuri, kimetunzwa, makali yake yananyoa nywele za mkono. Kilipokuwa kipya kingegongwa meza nzima bila kutikisika. Nilikifungua, kikalia vizuri tu, "ta!" Lakini nilipopitisha ukucha mgongoni, ukucha ulijikwaa: wenzo ulikuwa umechomoza juu ya usawa wa mpini, kiasi cha unene wa karatasi mbili tatu. Tulikielekeza kwenye mwanga. Ndani ya pengo la kitako cha ubapa, mahali jino la wenzo linapotakiwa kuzama lote, palikuwa na vumbi la plasta lililoshikana na mafuta likawa gumu kama chokaa. Jino lilikuwa limeegemea juu ya vumbi hilo. Loki ilikuwa inalia, inaonekana imefunga, na nusu yake haikuwa imeshika kitu. Njiti ya kiberiti na tone la mafuta ya cherehani vilimaliza kazi kwa dakika chache. Kisu hicho hakikuwa na udhaifu wowote wa nguvu, na hakuna kipimo cha dukani ambacho kingeonya juu ya vumbi la kazi ya kesho.

Visu vya wenzo wa mgongoni vilipata sifa kubwa kuanzia mwaka 1964, kampuni ya Buck ya Marekani ilipotoa Buck 110, kisu cha wawindaji chenye mbao na shaba ambacho kimeigwa duniani kote. Ubora wake ni wa kweli. Kasoro ya aina yake pia ni ya kweli, na haihusiani na nguvu: mkono unaobana mpini kwa nguvu zote unaweza kuubonyeza wenzo wenyewe. Dawa yake ilikuwa kupunguza chuma. Mtengeneza visu David Boye alichimba kibonde kidogo kwenye wenzo ili nyama ya kiganja isiufikie, na kibonde hicho leo kinaitwa kwa jina lake. Loki haikuongezewa hata gramu moja, na kisu kikawa salama zaidi.

Chukua aina nyingine, ile ya bamba jembamba ndani ya mpini ambalo hujisukuma lenyewe nyuma ya kitako cha ubapa. Mmarekani Michael Walker ndiye aliyeipa sura tunayoijua sasa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo iko kwenye visu vingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, vya bei mbaya na vya bei ya soda. Siri yake yote imo kwenye mteremko mdogo uliosagwa kwenye kitako, nyuzi chache tu. Mteremko ukiwa mkali mno, bamba huteleza likisukumwa. Ukiwa mdogo mno, bamba hunasa na utalifungua kwa ukucha uliovunjika. Fundi mwenye mashine nzuri na haraka nyingi anaweza kuukosea, na bamba nene likawekwa juu ya mteremko mbaya likateleza vilevile. Mwaka 1987 Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini, alitoa kisu kiitwacho Sebenza ambacho upande mzima wa mpini ndio unaofanya kazi ya bamba, hivyo vidole vinavyoshika kisu vinaisukuma loki izidi kukaa mahali pake. Hilo ndilo wazo ninaloliita la kuaminika: mkono ukikaza, loki inakaza. Sifa yake kubwa ni mahali vidole vinapokaa, hata kabla hujafikiria unene wa chuma.

Basi hamu hii ya kupima nguvu imetoka wapi? Sehemu kubwa imetoka kwenye matangazo. Kampuni ya Cold Steel ya Marekani ilijijengea jina kwa video ambazo kisu kinabanwa, uzito unaning'inizwa kwenye mpini, kilo zinaongezwa na kuongezwa, kisha kisu cha mshindani kinavunjika na chao kinabaki. Ni tamasha zuri, nakiri. Loki yao iitwayo Tri-Ad, aliyoibuni Andrew Demko, ni uhandisi wa kupigiwa makofi: pini ya kuzuia imewekwa kati ya kitako na loki ili mshtuko uishie kwenye pini, na loki ikilika huendelea kuzama bila kulegea. Lakini tazama kinachosifiwa. Watazamaji huondoka na hesabu ya kilo, ilhali sifa kubwa ya loki hiyo ni kwamba inafidia uchakavu wake yenyewe. Na gharama yake haitajwi kwenye tamasha: springi yake ni ngumu, na kukifunga kisu kwa mkono mmoja si kazi ya kila mtu. Loki inayokulazimisha kupigana nayo unapoifunga, vidole vikiwa njiani mwa makali, imehamisha hatari tu.

Mimi sijawahi kuona kazi ya kisu cha mfukoni ambayo ndani yake mna kuning'iniza gunia la saruji.

Mfano ambao wapenzi wa loki hawaupendi unatoka Uswisi. Jeshi la nchi hiyo lilianza kuwapa askari wake kisu cha kukunja mwaka 1891. Kikabadilishwa umbo mara kadhaa, toleo la mwaka 1961 likadumu hadi 2008, na katika miaka yote hiyo, zaidi ya karne moja, ubapa wa kisu cha askari haukuwa na loki. Ulishikwa na springi ya mgongoni tu. Ukiusukuma vya kutosha, unajikunja. Askari aliambiwa hivyo, akajua hivyo, akashika kisu chake kama mtu anayejua hivyo. Hapa mtetezi wa loki ataruka: mbona mwaka 2008 wakaiweka? Waliiweka kwa sababu kisu kipya ni kikubwa zaidi, kina ubapa wenye tundu wa kufunguliwa kwa mkono mmoja, na una meno ya msumeno ambayo hukwama na kuvutwa kuliko makali laini. Umbo na matumizi yalibadilika, loki ikafuata. Hiyo ndiyo akili ya mtu anayeanza na kazi.

Nchi nyingine za Ulaya zimefika palepale kwa njia ya sheria. Uingereza huruhusu raia kubeba hadharani kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, lakini mahakama zao tangu miaka ya 1990 zimeshikilia kwamba kisu chenye loki hakimo kwenye ruhusa hiyo. Ukikibeba, uwe na sababu. Ujerumani nayo tangu 2008 imezuia kubeba hadharani, bila sababu ya maana, visu vinavyofunguliwa kwa mkono mmoja na kujiloki. Unaweza kuzipenda au kuzichukia sheria hizo, mimi mwenyewe nina mashaka kama zinamzuia mhalifu yeyote. Ila mamilioni ya watu wa huko wanakata, wanamenya na kuchonga kila siku kwa visu visivyo na loki, na hatusikii kwamba wamebaki bila vidole.

Sasa nije kwenye kosa la pili, pacha wa kugonga: kutikisa. Mnunuzi anashika ubapa kwa vidole viwili, anautikisa, ukicheza hata kidogo anakunja uso. Wengi hawajui kwamba kuna kucheza kwa aina mbili. Ubapa unaocheza kushoto na kulia unakwambia habari za bawaba. Kama bawaba ina skrubu, mara nyingi robo mzunguko inamaliza maneno. Ubapa unaocheza juu na chini ukiwa umefunguliwa, huo unakwambia habari za loki au kizuizi, na skrubu haitausaidia. Wa kwanza ni kero tu. Wa pili ni dalili mbaya. Mtu anayekataa kisu kwa wa kwanza na kukubali kingine kwa sababu skrubu imekazwa hadi ubapa haufunguki vizuri, amechagua kazi ya bisibisi akadhani amechagua kisu.

Okapi ingefeli mtihani wa kutikisa kwa karibu kila mnunuzi wa leo. Kisu hiki kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya makoloni ya Wajerumani Afrika, na tangu miaka ya 1980 kinatengenezwa Afrika Kusini. Mpini wa mti wenye nakshi za mwezi na nyota, ubapa wa chuma cha kawaida kinachoshika kutu usipokipaka mafuta, na mgongoni springi ndefu yenye kipete. Ukifungua, meno ya kitako hupita chini ya springi yakilia moja baada ya jingine. Ukitaka kufunga unavuta kipete, springi inanyanyuka, ubapa unaachiwa. Hucheza kidogo, pande zote. Kina jina baya pia, kwa sababu wahuni wa Afrika Kusini na wa Jamaika walikipenda. Lakini angalia loki yake kama fundi: iko nje, unaiona, unaweza kuipuliza, unaweza kuipangusa kwa kitambaa, na ikichafuka uchafu hauna pango la kujifichia. Kwa mtu anayefanya kazi shambani, loki legevu anayoiona ina faida kuliko loki ya kisasa asiyoweza kuifikia bila seti ya bisibisi.

Opinel ya Ufaransa inafundisha jambo lilelile kwa heshima zaidi. Ina vipande vitano tu: ubapa, mpini wa mti, ribiti, pete isiyosogea, na pete inayozunguka. Pete hii ya kuzunguka aliibuni Marcel Opinel mwaka 1955. Haina springi. Unaizungusha kwa vidole, inaziba njia ya ubapa, basi. Haina mlio wa kujivunia, na ukisahau kuizungusha kisu hakina loki. Kwenye hewa ya pwani mti hufura na ubapa hubana. Mapungufu haya yako wazi, na uwazi huo ndio ubora ninaoutetea. Opinel namba 8 hupatikana kwa chini ya dola 25 za Marekani, Sebenza niliyoitaja huzidi dola 400. Sebenza imetengenezwa kwa usahihi mkubwa zaidi, hilo halina ubishi. Lakini ukiniletea zote mbili na kapu la maembe, ubapa mwembamba wa Opinel utapita kwenye embe kwa wepesi ambao ubapa mnene hauwezi, na maembe hayajali bei.

Kwa maana ubora wa kisu, mwisho wa yote, uko kwenye ubapa, na hapo ndipo waumini wa loki hawaangalii kabisa. Watasoma jina la chuma lililochorwa ubavuni na kuridhika. Jina halitoshi. Chuma kilekile kikipashwa moto na kupozwa vibaya huwa laini, makali yanalala baada ya boksi tatu. Kikipozwa kupita kiasi bila kulainishwa tena, makali yanamong'onyoka. Kampuni ya Victorinox ya Uswisi hutumia chuma cha kawaida chenye ugumu wa takriban 56 kwa kipimo cha Rockwell, namba ambayo wajuzi huibeua, na bado visu vyake vinanoleka kirahisi hata kwa jiwe la mtaani na vinakata miaka na miaka. Wanakipasha na kukipoza sawasawa kila siku, hiyo ndiyo siri. Kisu butu chenye loki ya kuning'iniza gunia ni hatari kuliko kisu kikali kisicho na loki, kwa sababu butu hukulazimisha kusukuma, na mkono unaosukuma kwa nguvu ndio unaopinda, unaoteleza, unaoiita loki kazini bila lazima.

Nitawapa wapinzani wangu haki yao. Kugusa mgongo wa kisu kwenye ubao, polepole, kwa nguvu ya kubisha hodi, vidole vikiwa nje ya njia ya makali, kunaweza kufichua loki ya bamba iliyosagwa vibaya. Loki ikiteleza kwa mguso huo, kisu hicho ni kibovu, hakuna mjadala. Lakini kubamiza ni jambo jingine. Ukibamiza, unaisumbua loki kwa mtikisiko ambao hautatokea katika maisha yake yote, na katika loki za springi nyepesi mtikisiko wenyewe unaweza kuirusha loki itoke ingawa pembe zake ni sahihi. Zaidi ya hapo unakwaruza kile kinachogusana, na kisu kilichofaulu mbele yako kinaweza kuwa kimelika zaidi kuliko ulivyokikuta. Fikiria kisu cha maonyesho dukani, kilichogongwa na wateja mwezi mzima, kisha kikauzwa kwako kwa sifa kwamba "kimejaribiwa".

Na yule anayesema kazi yake kweli ni ya kutoboa, kuchokonoa na kupasua, kiasi kwamba hawezi kuamini kisu kinachojikunja, ana jibu rahisi tangu enzi za mababu: abebe kisu kisichokunjwa, kwenye ala.

Kwa hiyo ukienda kununua, fungua kisu taratibu, usikirushe. Pitisha ukucha mgongoni uone kama wenzo au springi imelingana na mpini, kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa. Kielekeze kwenye mwanga, utazame kama jino limezama lote, kama bamba limekaa nyuma ya kitako kwa uso wake mzima au kwa kona moja. Kwa kisu chenye loki, sukuma ubapa juu na chini. Kicheze kushoto na kulia ukitaka, lakini si juu na chini. Kifungue na kukifunga mara kadhaa, loki irudi mahali palepale kila mara. Halafu geuza makali yaelekee taa: panapong'aa ni butu. Kata karatasi kuanzia kitako hadi ncha. Uliza kama kinafunguka kusafishwa. Na kama muuzaji anakuharakisha, anakunyang'anya kisu ili akugongee mezani usikie kinavyolia, mwachie kisu chake na meza yake.